Ng'ombe wa Kuwekewa

Kule Tetu, Nyeri, miaka ya sabini ilipokuwa michanga, sikuwa na ofisi wala simu. Nilikuwa na pikipiki ya serikali, mkoba wa dawa, na mikebe mitupu ya kahawa niliyoipigilia kwenye nguzo za krashi. Krashi ni kile kibanio cha miti kando ya barabara, ng'ombe huingizwa humo ili asimpige mtu teke anapotibiwa. Kila kituo cha maziwa kilikuwa na krashi yake, na kila krashi ilikuwa na mkebe wangu. Mwenye ng'ombe mgonjwa aliandika kikaratasi akakitumbukiza, nami asubuhi nikapita nikisoma kimoja kimoja. Wasiojua kuandika walichora. Niliwahi kupata picha ya ng'ombe mwenye tumbo kubwa kuliko nyumba iliyochorwa kando yake, na nikajua papo hapo kwamba kuna mtu amemlisha mnyama wake majani machanga yenye umande.

Nilitoka Voi, mahali ambapo ukiacha maji nje yanapata moto yenyewe. Nyeri ilinipokea kwa baridi ya mwezi wa saba, ile ya ukungu usioondoka hadi saa sita, nikawa naendesha pikipiki nimejipanga magazeti kifuani chini ya koti. Watu walinicheka, halafu wakaniita ndani ninywe chai. Sijapata tena chai kama ile. Ilikuwa maziwa matupu yaliyoonyeshwa majani ya chai kwa mbali, na kando yake nduma zilizochemshwa, bado zinatoa mvuke. Kigikuyu changu kilikuwa cha kusalimia na kushukuru tu, kwa hiyo tuliongea Kiswahili, wao cha kwao na mimi changu, tukaelewana vizuri kuliko ninavyoelewana siku hizi na wajukuu wangu. Mwaka juzi nilipita barabara ile nikaona krashi zimeoza, na mahali pa moja kuna kibanda cha kutengeneza simu. Nilimwambia dereva aendelee.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne na nilijua kila kitu. Chuoni tulikuwa tumefundishwa maadili ya kazi ya udaktari wa mifugo, Ijumaa tatu mfululizo, baada ya chakula cha mchana. Wenzangu wengi walilala. Mwalimu, mtu mwembamba aliyependa chaki kuliko wanafunzi, alituambia kwamba wenye busara wamegundua njia tatu za kuamua jambo gumu. Wa kwanza wanasema upime maumivu na manufaa ya wote wanaohusika, uchague penye maumivu machache. Wa pili wanasema kuna mambo hayafanywi hata yakiwa na faida, kwa sababu kila mtu ana haki yake usiyoweza kuiruka. Wa tatu wanakuambia ujiulize mtu mwema angefanya nini akiwa amesimama pale uliposimama wewe. Kisha akachora ubaoni ng'ombe, mwenye ng'ombe, na majirani, akauliza: "Mkubwa wako ni nani kati ya hawa?" Mimi nikajibu upesi kwamba ni ng'ombe, kwa sababu wale wengine wana midomo ya kujisemea. Akanipa alama nzuri sana. Nilitembea na zile alama Tetu nzima kana kwamba ni cheo.

Kati ya watu wa kijiji cha Giakanja walionipenda alikuwepo mzee mmoja mfupi, mkulima wa kahawa, aliyevaa kofia ya sufu mvua na jua. Alikuwa na ng'ombe wanne wa gredi, wale wa maziwa wenye damu ya Kizungu, katika zizi safi kiasi kwamba ungeweza kulala humo. Siku ya kwanza nilipomsifia ng'ombe wake mkubwa, jike jeusi lenye baka jeupe usoni, alinikatiza.

"Hii si yangu, daktari. Hii ni ya mtu."

Mtu huyo alikuwa wa rika lake. Walitahiriwa siku moja, kwenye mto mmoja. Mashamba ya walowezi yalipogawanywa baada ya uhuru, yule mwenzake alipata shamba Naro Moru, akahamia huko na mke na masufuria, lakini hakuwa na ua wala zizi. Akamwachia mzee mtamba mmoja mwenye mimba. Wagikuyu wana neno la jambo hili, kuhithia: unaweka mnyama wako kwa rafiki, yeye anamlisha na kunywa maziwa, lakini mnyama na uzao wake hubaki wako. Hakuna karatasi. Ua wa Naro Moru ulikamilika zamani, ng'ombe wengine wakapatikana, lakini yule wa Giakanja hakurudishwa wala hakuulizwa. Wawili kati ya wanne waliokuwa zizini walikuwa binti zake. Kila alipozaa, mwenyewe alishuka na basi akiwa na gunia la viazi, akamtazama ndama, akalala siku mbili. Niliwakuta mara moja, wazee wawili wameketi kwenye nyasi wakimwangalia ndama akinyonya, hawasemezani, wanacheka tu. Niliwaonea wivu, kwa sababu rafiki zangu wote walikuwa Voi.

Sasa asubuhi moja katikati ya mvua za masika nilikuta katika mkebe karatasi yenye mwandiko wa binti wa mzee. "Ng'ombe ameanguka, mguu. Baba anasema uje lakini usifanye kitu. Mimi nimeenda Naro Moru."

Niliisoma mara mbili, nikakasirika pale pale barabarani. Daktari aje asifanye kitu! Si angemwita fundi cherehani?

Ng'ombe alikuwa yule mweusi. Alfajiri, akipelekwa mtoni kunywa maji, aliteleza ukingoni mwa tuta akaanguka katika kahawa ya chini, urefu wa mtu na zaidi. Mguu wa nyuma ulikuwa umevunjika sehemu ya juu na mfupa umechomoza nje ya ngozi. Hakuwa akilia. Ng'ombe akiumia sana halii, husaga meno, na sauti ile ukishaisikia hutaisahau. Mzee alikuwa ameketi kwenye matope, kichwa cha mnyama mapajani mwake, amemfunika kwa blanketi iliyotoka kitandani. Juu ya tuta alisimama jirani yake mchinjaji na kisu tayari, na nyuma yake watu saba au wanane wenye majani ya migomba ya kubebea nyama. Wote walikuwa wakinitazama mimi.

"Mzee, huyu achinjwe sasa hivi," nikamwambia. "Mguu kama huu hauna dawa. Nitaandika ruhusa, nyama itakuwa nzuri."

"Najua hakuna dawa. Lakini tungoje mwenyewe."

"Mwenyewe atafika lini?"

"Msichana akimpata huko mapema, jioni atakuwa hapa."

"Jioni! Mzee, huyu ataumia kutwa nzima."

"Najua, daktari. Si ni mimi niko na kichwa yake hapa?"

Nikamuuliza aliniitia nini basi. Akaniambia bila aibu kwamba alitaka jicho la serikali, ili nishuhudie kwamba ng'ombe alianguka mwenyewe na hakupigwa. Hapo nilitaka kuwasha pikipiki nirudi zangu. Nikavuta pumzi, nikafungua mkoba, nikatoa chupa mbili za dawa ya ganzi, ndizo zote nilizokuwa nazo, nikamchoma kuzunguka lile jeraha. Baada ya muda akaacha kusaga meno. Mkewe mzee akaleta chai, nikakataa, kitu ambacho sikuwahi kukifanya katika boma lile.

Mzee alipoona hasira yangu, alinieleza. Alizungumza akimtazama ng'ombe.

"Baba yangu aliwekewa ng'ombe na mtu wa Mathira. Ilikufa wakati wa mvua kama hii. Watu walikuwa na njaa, mwenyewe alikuwa mbali, wakakula. Yule mtu alipokuja, baba akamwonyesha ngozi. Akasema ati ngozi haiongei. Akasema, wewe ulitamani nyama ukachinja. Daktari, baba yangu aliitwa mla ng'ombe ya watu mpaka siku tulimzika. Hakuna mtu aliwahi kumwekea hata kuku. Mimi nilikuwa mtu mzima tayari, na bado kwa soko walikuwa wananionyesha kwa kidole." Akapangusa matope kwenye pua ya ng'ombe. "Huyu wa Naro Moru ndiye mtu wa kwanza kuniwekea mimi kitu. Lazima aione ikiwa nzima, na ngozi yake, na mguu yake. Halafu aseme yeye."

Nilikwenda nikakaa juu ya pikipiki. Zile Ijumaa tatu zilinirudia zote. Njia ya kwanza haikuwa na shida: kutwa nzima ya maumivu kwa upande mmoja, aibu isiyo na uhakika kwa upande mwingine, kwa hiyo chinja. Ya pili ikanibana, maana mwenye haki ya kusema alikuwa Naro Moru, na mzee alikuwa ameahidi. Ya tatu nayo haikunisaidia kitu, kwa sababu mtu mwema niliyemjua kuliko wote pale Giakanja alikuwa ndiye huyo aliyekaa kwenye matope akinikatalia.

Sheria ilikuwa upande wangu. Ningeweza kumwambia mchinjaji ashuke, na mzee angeondolewa kwa mikono, naye asingeshindana na serikali. Nilijua hivyo, na watu wa juu ya tuta walijua. Nikifika hapa katika kusimulia, huwa nasema nilimheshimu mzee, na ni kweli nilimheshimu. Lakini pia niliogopa. Nilikuwa mgeni, nilipendwa, na nilipenda kupendwa. Niliona jinsi habari itakavyoenea kwenye vituo vya maziwa, kwamba yule kijana wa kutoka pwani amempokonya mzee kichwa cha ng'ombe mikononi. Basi nikangoja.

Ganzi iliisha kabla ya saa sita. Mvua ilinyesha kidogo, ikaacha, jua likatoka kali, nzi wakaja. Ng'ombe alianza tena kusaga meno. Nilimsaidia mzee kushika lile blanketi juu ya jeraha. Saa nane ng'ombe alijaribu kuinuka, akaanguka juu ya mguu ule ule, na mchinjaji, mtu aliyechinja maisha yake yote, akageuza uso akatazama upande mwingine. Nilisimama nikasema, "Sasa basi." Mzee akalala juu ya shingo ya ng'ombe kwa kifua chake, kofia ikamwanguka. "Bado kidogo, kijana yangu. Bado kidogo tu." Nikaketi tena. Sitamsingizia mtu kuketi kule. Nilikuwa na miguu yangu miwili mizima.

Mwenyewe alifika saa kumi, mzee mrefu mwenye koti zito la watu wa Naro Moru, amelowa hadi magotini kwa kuteremka mbio kutoka barabarani. Safari hii hakuwa na viazi. Hakumsalimu mtu. Alikwenda moja kwa moja kwa ng'ombe, akamshika sikio, akamwita kwa jina lake, na yule mnyama akageuza macho. Kisha akainua blanketi akaona.

"Alianguka saa ngapi?" akauliza.

"Alfajiri," mzee akajibu.

Yule mgeni wa Naro Moru akatazama jua. "Na kisu ilikuwa wapi?"

"Ilikuwa hapa. Tulikuwa tunangoja wewe uone."

Alimwita mchinjaji kwa mkono, akakishika kichwa mwenyewe, na jambo lililongojewa tangu asubuhi likaisha kwa muda mfupi kuliko wa kunywa kikombe cha chai. Alipoinuka alinitazama mimi.

"Na wewe, daktari, ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa hapa, mzee."

"Hapa," akasema. "Na hiyo mkoba yote."

Nimetukanwa na wakubwa wa wilaya, nimetukanwa na wake za wakubwa kwa ajili ya mbwa wao. Hakuna aliyenipata kama yule. Tangu siku hiyo sikumngoja tena mtu mbele ya mnyama anayesaga meno, na nimekosea kwa upande huo pia. Mara mbili nilimaliza haraka, kisha mwenyewe akaja akihema na jambo ambalo ningepaswa kulisikia kwanza. Sikupata ile njia ya nne ambayo nilidhani mwalimu alisahau kuichora.

Walipokuwa wakichuna nilikagua nyama. Ilikuwa nyeusi na kavu, kama ya mnyama aliyeteseka muda mrefu. Nikakata mguu ule wote ukazikwe, nikaandika ruhusa ya iliyobaki. Majirani walichukua vipande vyao kimya kimya wakaondoka na majani yao. Wale wazee wawili walibaki wamesimama kando ya ngozi. Mzee wa Giakanja aliinama akaigeuza ili sehemu ya mguu ionekane vizuri, akasema, "Unaona, ni hapa ilivunjika. Daktari ni shahidi."

Ndipo mgeni alipozungumza, kwa Kiswahili, na mpaka leo nadhani alitaka nami nisikie.

"Mimi na wewe tulitoka kwa maji pamoja tukiwa vijana. Nimelala kwa nyumba yako mara ngapi? Leo unanionyesha ngozi. Ulidhani mimi nitakuja hapa niseme yale maneno walisema juu ya baba yako?"

Mzee aliinama akaanza kuikunja ile ngozi.

"Ulifikiri hivyo kutwa nzima," mgeni akasema. "Ng'ombe analia ndani yake, na wewe unafikiri hivyo juu yangu."

Akaenda zizini. Tukamfuata, mimi, mzee na mkewe. Mle ndani walikuwa wale binti wawili wa marehemu, mmoja wa maziwa, na mwingine mtamba mwekundu ambaye hajazaa. Mgeni aliwashika migongo, mmoja mmoja.

"Hawa sasa ni wako. Nimekupa wote wawili. Ni zako, hakuna mtu ataziuliza."

Akaaga, akaanza kupanda njia ya kwenda barabarani. Mimi, mjinga, nilifurahi. Niliona amesamehe, tena ametoa zawadi ya ng'ombe wawili wa gredi, kitu ambacho ningekisimulia Voi mpaka wachoke. Nikamgeukia mzee nimpongeze, nikamwona ameketi juu ya hori, uso wake umekwisha. Mkewe ndiye aliyenielewesha, kwa sauti ya chini.

"Amemaliza, daktari. Hana kitu yake hapa tena. Sasa atakuja kuangalia nini?"

Nilisimama pale na karatasi zangu za ruhusa mkononi. Nilikuwa nimepima ng'ombe, nimepima mwenye ng'ombe, nimepima majirani, na kitu kilichokuwa kikifa pale zizini hakikuwa kwenye ubao wa mwalimu. Nililia kidogo, sioni aibu kusema. Nilisingizia moshi, ingawa hapakuwa na moto.

Mzee aliinuka ghafla. Alimfunga kamba yule mtamba mwekundu, akamtoa zizini, akaanza kupanda naye, bila kofia, anateleza kwenye matope, anamvuta mnyama asiyeelewa anapelekwa wapi. Alikuwa akiita. Niliwafuata kwa nyuma nikisukuma pikipiki, kwa sababu sikutaka kuiwasha ikaharibu jambo. Mgeni hakugeuka. Aligeuka karibu na barabara tu, pale mtamba alipogoma na mzee akakosa pumzi ya kuita tena.

"Usinipe," mzee akasema. "Sitaki kupewa. Niwekee."

Mgeni akaitazama ile kamba.

"Ile nyingine nimechukua, asante. Hii ni yako. Na nakuambia mbele ya daktari, hii ikivunjika mguu asubuhi, nitachinja asubuhi. Sitakuita. Utasikia kwa watu."

Basi la kwenda Nyeri lilipita, dereva akapiga honi, mgeni hakuliinulia mkono. Alishuka hatua tatu, akaichukua kamba mkononi mwa mwenzake. Alimpapasa mtamba shingoni, akamtazama meno, akazunguka akamtazama miguu yote minne, polepole, kama mtu aliye mnadani. Halafu akairudisha kamba.

"Na siku hiyo nyama ule," akamwambia. "Usiniwekee hata kipande."